Skana nayo inataka mwongozo wa kusahihisha

Najua nimekuwa kimya, msininunie. Kati ya ripoti ya mradi, maandalizi ya field na bumu ambalo likifika linakuta madeni yamelipangia foleni, blogu ilibaki yatima. Leo maji yamekatika hosteli, kufua haiwezekani, basi tuandike.

Wengi mmeniuliza kwa nini lile zoezi letu la mtandaoni lilichelewa kupanda kwenye seva wakati tulitangaza tumemaliza. Wengine mmeshaanza kusema kundi letu ni maneno tu. Jibu fupi ni skana. Jibu refu ndilo hili, na ukiwa ticha mtarajiwa nadhani utalielewa kuliko watu wa kompyuta wenyewe, nitakwambia kwa nini.

Kwa wageni wa ukurasa huu: tuko watano, wote tunasomea ualimu wa hisabati na kompyuta. Tulitengeneza programu ya mazoezi ya hisabati kwa Kidato cha Pili, ya kutumia tukiwa field. Mwanafunzi anajibu swali, halafu anapiga picha ya daftari lake kwa tableti ya maabara ili mwalimu aone alivyofika kwenye jibu. Wa kutwa wanaweza kutuma jioni kwa simu ya mzazi, maana simu ya mwanafunzi shuleni ni kesi. Kwa hiyo humo ndani kuna majina ya watoto, alama zao, na picha. Hivyo vitu ndivyo vilivyonikosesha usingizi, maana mtoto wa miaka kumi na nne hakuombwa ruhusa na mtu yeyote kabla alama zake za "sifuri kwa kumi" hazijawekwa mahali ambapo dunia nzima inaweza kubisha hodi. Na siku hizi ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, si jambo la kuonewa aibu tu.

Sasa, tulipopeleka kazi kwa jamaa anayetunza seva (nitamwita Jamaa wa Seva, ni mtu wa maneno machache na chai nyingi), akatuambia hapandishi imeji yoyote yenye rangi nyekundu kwenye skana. Tukamwonyesha matokeo. Akanywa chai. Akasema, "Leteni sera yenu, nitaisoma. Ikinishawishi, naipandisha. Isiponishawishi, mtaenda field na chaki kama sisi tulivyoenda."

Turudi nyuma kidogo kwa ticha ambaye hajawahi kugusa mambo haya. Imeji ya kontena ni kama tranka la bweni. Unapanga humo programu yako pamoja na kila kitu inachohitaji kuishi mbali na nyumbani: Python, laibrari zake, vifaa vya mfumo wa Debian, mpaka vitu ambavyo hukujua umevibeba, kama ile limau mama aliyokutilia chini ya shuka bila kusema. Popote litakapofunguliwa, programu inafanya kazi vilevile. Skana ni mwalimu wa zamu getini. Anafungua tranka, anaandika kila kilichomo pamoja na toleo lake, halafu analinganisha na orodha ya udhaifu unaojulikana duniani. Kila udhaifu una namba inayoanza na CVE, mpango ulioanza mwaka 1999, na mwingi hupewa alama ya ukali kwa mizani inayoitwa CVSS, mwisho 10. Kwenye mizani hiyo kuanzia 7.0 ni HIGH, kuanzia 9.0 ni CRITICAL. Kiingereza hicho ndicho skana inachokiandika kwenye skrini, nami nitakiacha hivyohivyo.

Sisi tunatumia Trivy. Ni ya bure, iko wazi, na inakubali kuwekewa masharti yako mwenyewe.

Mara ya kwanza tulipoipitisha ilileta mistari zaidi ya mia. Mia! Kundi zima likanyamaza kama darasa linaloona swali la mwisho la karatasi ya pili. Mingi ilikuwa LOW, ile ambayo hukaa tu kama vumbi juu ya kabati. Mmoja nimeupenda mpaka leo: CVE-2005-2541, kwenye programu ya tar. Tazama mwaka. Udhaifu huo umesajiliwa 2005, mdogo wangu wa mwisho alikuwa hajazaliwa, na bado uko kwenye tranka letu. Kinachochekesha ni kwamba hifadhidata ya udhaifu ya Marekani, NVD, iliupa 10 kamili kwa mizani ya zamani ya CVSS, wakati watu wa Debian wanasema hayo ndiyo matumizi ya kawaida ya tar na hawaoni cha kurekebisha. Trivy inasikiliza kwanza maoni ya wenye mfumo, kwa hiyo kwetu ilitoka LOW. Karatasi moja, wasahihishaji wawili, mmoja anatoa mia, mwingine anasema swali lenyewe halikuwepo.

Mliosoma kozi ya upimaji na tathmini mnaanza kutabasamu. Ndiyo, hapo hapo. Tunafundishwa kwamba alama bila mwongozo wa kusahihisha ni maoni ya mtu mwenye kalamu nyekundu. Skana ina kalamu nyekundu ndefu sana lakini mwongozo haina, mpaka umwandikie. Na ukitaka kujua ni kweli, ukiiacha Trivy ilivyo, inaorodhesha makosa yote, hata yale ya CRITICAL, halafu inamaliza kwa kusema kazi imekwenda salama. Inabidi uiambie wewe, kwa maneno yako, kosa lipi likionekana irudishe namba 1 badala ya 0 ili mtambo wa kupandisha ugome. Yaani mstari wa kufeli unauchora wewe.

Haya, tuje kwenye nyekundu zenyewe. Zilizokuwa juu kabisa zilikuwa mbili za kujadili, na ndizo zilizotugombanisha.

Ya kwanza: zlib, CVE-2023-45853, alama 9.8, CRITICAL, na pembeni imeandikwa kwamba Debian 12 haitairekebisha. Ukisoma hivyo tu unapata homa. CRITICAL na hakuna dawa! Mmoja wetu, ambaye ni CR wa darasa na amezoea kufunga mijadala ili watu waende kula, akasema, "Ticha, kama hata wenye mfumo hawarekebishi, sisi ni nani? Tia kwenye orodha ya kusamehe twende." Mwingine akasema tukiwa na 9.8 tusipande kabisa, tuandike upya kwa mfumo mwingine. Yaani field iko mlangoni na mtu anataka tuanze na tofali la kwanza.

Nikafanya kile ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya, nikasoma. Kasoro hiyo iko kwenye MiniZip, kijiprogramu kinachokaa ndani ya folda ya michango kwenye msimbo wa zlib. Ukitengeneza faili la zip ukalipa jina refu kupita kiasi, hesabu za ndani zinafurika na kumbukumbu inaharibika. Ni kasoro ya kweli, sikatai. Lakini Debian wanapojenga kifurushi chao cha zlib hawaijengi MiniZip. Msimbo wenye kasoro uko kwenye chanzo, haumo kwenye kile kinachoingia tranka letu. Skana inasoma jina la kifurushi na toleo lake, haifungui kuangalia kama sehemu mbovu imo. Ni kama kumkamata mtoto kwa sababu anatoka kijiji kimoja na mwizi.

Ya pili ilikuwa chini yake, na alama yake ilikuwa ndogo: Pillow, laibrari ya Python ya kushughulikia picha, CVE-2023-4863, 8.8, HIGH. CR hata hakuisoma, jicho lake lilikuwa kwenye 9.8. Jamani, hii ndiyo iliyonitoa jasho. Kasoro yake iko kwenye libwebp, kile kinachofungua picha za aina ya WebP. Ilitangazwa Septemba 2023 ikiwa tayari inatumiwa na wavamizi, vivinjari vikubwa vikahangaika kujirekebisha wiki hiyo hiyo. Ukituma picha iliyotengenezwa kwa nia mbaya, ule uandishi wa kumbukumbu unavuka mpaka, na mwenye bahati mbaya anaweza kuendeshewa amri ndani ya seva yake. Sasa programu yetu inafanya nini? Inapokea picha kutoka kwa mtu yeyote mwenye anwani na kumkabidhi Pillow aifungue. Mtoto, mzazi, au jirani wa mzazi.

Na libwebp hiyo huikuti ukitafuta kwenye orodha ya vifurushi vya Debian, kwa sababu Pillow inakuja nayo ndani yake, imefichwa kama pesa kwenye soksi. Kama Trivy isingekuwa inasoma pia vifurushi vya Python, tusingeijua. Dawa yake ilitoka siku zilezile, Pillow 10.0.1. Sisi tulikuwa tumekwama kwenye 9.5.0.

Kwa nini? Kuanzia Pillow 10 walifuta neno moja, ANTIALIAS, lililokuwa likitumika kupunguza ukubwa wa picha. Mwenzetu aliyeandika sehemu hiyo alifuata somo la zamani la mtandaoni, ikagoma kwenye toleo jipya, akarudi toleo la nyuma, likafanya kazi, maisha yakaendelea. Ukibadilisha neno hilo kuwa LANCZOS kila kitu kinapanda. Neno moja, wadau! Lilikuwa linatuzuia kuziba tundu ambalo watu walikuwa wameshalitumia duniani.

Kwa hiyo tulikuwa na 9.8 isiyotugusa na 8.8 iliyokaa mlangoni kabisa. Mtu anayesahihisha kwa kutazama namba tu angehangaika na ile ya kwanza na kuipa ya pili "jitahidi".

Baada ya hapo hata CR alikubali kwamba tuandike sera, tatizo likawa sera ipi. Hapa ndipo tulipokaa usiku mzima, na majirani wa chumba cha pili mnisamehe kwa kelele.

Pendekezo la kwanza lilikuwa lile la mkato: Trivy ina swichi ya kupuuza kila udhaifu usio na kiraka. Ukiiwasha, zlib inapotea, ukurasa unakuwa mweupe, kila mtu anafurahi. Hoja yake si ya kijinga. Kama hakuna cha kufanya, kelele za nini? Ila mimi sikubaliani nayo kwa programu inayopokea vitu kutoka nje. Kutokuwa na kiraka hakusemi kama tundu linakugusa au halikugusi. Kesho Pillow ikipata kasoro mpya ambayo haijapata dawa, swichi ileile iliyotuondolea zlib itatuficha na hiyo, na wakati huo kitu cha kufanya kipo: unazima kupakia picha kwa siku mbili mpaka kiraka kitoke. Huwezi kuzima usichokijua.

Pendekezo la pili lilikuja na mbwembwe zaidi. Trivy inakubali kanuni zilizoandikwa kwa lugha inayoitwa Rego, unaweza kuiambia isamehe kwa vigezo: jina la kifurushi, aina ya kasoro, hata njia ambayo mvamizi anapitia. CVSS inagawa njia hizo: kupitia mtandao, kupitia jirani wa mtandao uleule, kutoka ndani ya mashine, au kwa kuigusa mashine yenyewe kwa mkono. Mwenzetu mmoja, anayependa sana vitu vyenye mabano, akaandika kanuni nzuri tu ya kusamehe kila kisichopitia mtandao. Akaisoma kwa sauti kama anasoma tenzi. Inaleta maana kabisa: kama mvamizi lazima awe ndani kwanza, tatizo ni alivyoingia.

Nikamwomba asubiri. Mwongozo wa CVSS 3.1 unasema kasoro ya programu inayofungua faili ihesabiwe kuwa ya ndani ya mashine, hata kama faili hilo limeletwa na programu nyingine kupitia mtandao. Fikiria mtu anayepakua picha halafu anaifungua kwenye kompyuta yake: kwa wasahihishaji wa CVSS tukio limetokea ndani. Lakini kwetu hakuna mtu anayefungua. Seva inafungua yenyewe, saa nane usiku, picha ya mtu isiyemjua. Kasoro nyingine ya laibrari ya picha inaweza kuandikwa "ndani ya mashine" na kwetu ikawa ya mtandaoni mia kwa mia. Kanuni ile ingeisamehe kwa adabu zote. Alikasirika kidogo, maana ilikuwa kanuni yake ya kwanza ya Rego kufanya kazi, lakini akaifuta mwenyewe.

Tukabaki na njia ya kizamani: CRITICAL na HIGH zote zinagomesha, ziwe na kiraka zisiwe nacho. Kinachosamehewa kinasamehewa kimoja kimoja, kwa namba yake, kwenye faili la misamaha. Trivy inaruhusu faili hilo kuandikwa kwa mtindo ambao kila msamaha una sehemu ya maelezo na tarehe ya kuisha. Tarehe ikifika, msamaha unakufa na skana inagoma tena. Hiki kipengele nakipenda kuliko vyote. Msamaha usio na tarehe ni sawa na "nitalipa mwezi ujao" ya wadaiwa wangu mnaosoma hapa, mnajijua.

Kwa zlib tukaandika hivi, nanukuu faili letu wenyewe: "Kasoro iko MiniZip, Debian haiijengi kwenye kifurushi hiki, programu yetu haitengenezi zip. Iangaliwe tena tukihamia Debian 13." Debian 13 ilitoka Agosti 2025 na zlib yake haina kasoro hiyo, ila imeji ya msingi iliyoidhinishwa hapa bado ni ya Debian 12 mpaka muhula uishe, ndiyo maana tarehe ya kuisha tumeweka siku ya mwisho ya muhula. Pillow haikupata msamaha. Ilipandishwa toleo, neno likabadilishwa, picha za majaribio zikapita.

Kuna wanaosema zamani skana zilikuwa na sera zilizo nyooka zaidi. Anchore Engine, ambayo wenyewe waliacha kuiendeleza mwaka 2023, ilikuwa na maneno matatu tu kwa kila kanuni: STOP, WARN, GO. Unaiambia mlango gani ukiguswa isimame, upi itoe onyo, upi iache. Nimesoma nyaraka zake na kusema kweli kufikiri kwa maneno matatu kulitusaidia kupanga vyetu, hata kama Trivy haisemi hivyo. Tuliandika kwenye karatasi kwanza: nini kinasimamisha, nini kinatuamsha asubuhi tukiangalie, nini tunakiacha kama ile tar ya 2005. Faili likafuata karatasi.

Mambo ya root nayapita haraka: skana ilikagua pia maelekezo ya kujengea imeji ikasema programu inaendeshwa kwa mamlaka ya mkuu wa mashine. Mstari mmoja wa kumtaja mtumiaji wa kawaida, kwisha. Hapakuwa na mjadala.

Palipokuwa na utamu ni kwenye siri. Trivy inatafuta pia vitu visivyotakiwa kuwemo kwenye imeji, funguo za huduma za mtandaoni na kadhalika. Inakuja na kanuni zake, imetengenezwa na watu wenye kujua funguo za Amazon na za GitHub zinafananaje. Haijui namba ya mtahiniwa wa Baraza la Mitihani. Itajulia wapi? Kwake hiyo ni herufi na tarakimu tu. Lakini kwetu namba ya mtahiniwa ni mtoto mwenye jina na shule, na matokeo yakishatoka, ukiwa na namba tu unayapata.

Basi tukaifundisha. Unaandika faili dogo lenye kanuni yako: tafuta S au P kubwa (S ni ya shule, P ya watahiniwa wa kujitegemea), tarakimu nne, mkwaju au kistari, tarakimu nne. Ukali wake: CRITICAL. Hapo hakuna mtu wa ng'ambo aliyetupa alama, tumejipa wenyewe, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyotarajia.

Tukapitisha skana. Safi, hakuna kitu. CR akapiga makofi.

Mimi usafi wa ghafla huwa siuamini, ni kama darasa zima kupata jibu lilelile. Nikasoma nyaraka tena nikakuta kwamba Trivy ina ruhusa zake za kuzaliwa nazo, na mojawapo ni kuruka mafaili na folda za majaribio, zile zenye neno test kwenye njia yake. Sababu yao inaeleweka, watu huweka funguo za uongo kwenye majaribio na skana ingepiga kelele bure. Ruhusa hiyo inazimika kwa mstari mmoja kwenye faili lilelile la siri. Tukaizima. Tukapitisha tena.

Nyekundu.

Kulikuwa na faili la orodha, lenye majina na namba halisi za wanafunzi, ambalo mmoja wetu alipewa wakati wa field ya mwaka jana na akalitumia kujaribia kama programu inapanga majina vizuri. Lilikuwa limelala kwenye folda ya majaribio, limepakiwa pamoja na kila kitu. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na hakuna aliyemsema. Alinyamaza tu, akavaa kandambili, akatoka nje kidogo. Aliporudi alikuwa ameshatunga orodha nyingine ya majina ya matunda: Embe Chungwa, Papai Nanasi, na wenzao.

Kwa mnaotaka kujaribu: kulifuta faili kwa kuongeza mstari wa kufuta mwishoni hakusaidii. Imeji inajengwa kwa matabaka, tabaka la juu linaficha tu, la chini bado limebeba. Ni lazima uzuie faili lisiingie kabisa, halafu ujenge upya. Na imeji za zamani zilizobaki kwenye kompyuta za kundi tulizifuta zote usiku uleule, tukahesabu kompyuta kwa vidole.

Baada ya hapo kanuni yetu ilikamata kitu kingine kimoja tu, S0000/0000 tuliyoiandika kwenye ukurasa wa kuingilia kama mfano wa kujaza. Hiyo tukaiandikia ruhusa yake, hiyo tu, kwa namba yenyewe kamili.

Alhamisi tukapeleka sera kwa Jamaa wa Seva. Kurasa mbili na mafaili matatu. Alisoma polepole mpaka nikaanza kuhesabu vyombo mezani kwake. Kwenye zlib akauliza tumejuaje, tukamfungulia ukurasa wa ufuatiliaji wa usalama wa Debian, akasoma mwenyewe. Kwenye ile kanuni ya namba za watahiniwa akasimama, akauliza nani ameifikiria, tukaonyeshana vidole kama wezi. Akaomba nakala. Anataka kuipitisha kwenye imeji nyingine zote alizonazo.

Ila hakutuachia hivihivi. Alisema sera yetu inakagua siku ya kujenga tu, wakati hifadhidata ya Trivy inasasishwa kila baada ya saa sita, kwa hiyo imeji iliyopita Jumatatu inaweza kufeli Jumanne bila mtu kuigusa. Tukaongeza kwamba itapitishwa kila asubuhi, matokeo yanaingia kwenye kundi letu la simu. Na akadai kila msamaha uwe na jina la mtu, asikubali "kundi". Kwenye zlib limekaa langu. Ukifungua faili hilo utaniona, pamoja na tarehe.

Iko hewani tangu Ijumaa. Shule tuliyopangiwa imeshapewa anwani, na Kidato cha Pili wameanza kutuma picha za madaftari, nyingine zimepigwa upande, nyingine zina kidole kizima mbele ya jibu. Asubuhi ya leo skana imeleta HIGH mpya kwenye kifurushi kimoja cha Debian, yenye kiraka. Zamu ni ya CR. Ameniandikia saa kumi na mbili kasoro akiuliza kama anaweza kuisamehe mpaka jioni kwa sababu ana kipindi. Nimemjibu aandike jina lake na sababu kwenye faili. Sasa hivi naona anajenga imeji upya.